Kopo la huduma ya kwanza lipangwe kwa ajali za huku kwetu Kigoma

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme na wasomaji wa Kigoma, hasa wanaopanda boti Kibirizi, wanaoingia porini kutafuta uyoga na asali, na wanaolala kwenye treni kwenda Tabora na kuendelea mbele. Kazi yetu ni kufundisha huduma ya kwanza. Visanduku vinavyouzwa madukani tayari vimejazwa vina plasta nyembamba nyingi, mkasi butu na chupa ya spiriti. Havina pakiti za ORS (chumvi na sukari ya kuchanganya na maji kwa anayeharisha), havina kibano cha miiba, wala kitu cha kukatia ndoana. Ni afadhali kila msafiri apange kopo lake mwenyewe, dogo, kwa mambo yanayotokea huku kila wiki.

Tuanze na kopo. La plastiki, la lita moja au mbili, lenye kifuniko cha kuzungusha, linatosha. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku kuanzia Juni 1, 2019, na hata ilipokuwepo ilitoboka haraka kwenye mzigo. Kabla ya kuliamini kopo, weka ndani kipande cha tishu kavu, funga, kisha lizamishe kwenye ndoo ya maji kwa dakika 5. Tishu ikitoka imelowa, tafuta kopo jingine. Pakiti ya ORS iliyoingia unyevu hugeuka bonge, na bandeji iliyolowa maji ya ziwa haifai kufungia kidonda.

ORS tunaitaja mapema kwa sababu kuharisha njiani ndiko kunakomaliza nguvu za watoto upesi kuliko jambo jingine lolote tunalolieleza hapa. Beba pakiti 3. Pakiti moja ya kawaida inachanganywa na maji safi lita 1, si zaidi wala pungufu. Hapo ndipo watu wengi wanapokosea, maana chupa inayouzwa stendi na stesheni mara nyingi ni ya lita moja na nusu. Ukiijaza yote, dawa inakuwa hafifu. Ukimimina pakiti nzima kwenye kikombe kimoja, chumvi inazidi na mtoto anaweza kudhurika. Kwa hiyo mkiwa bado nyumbani, mimina kwenye chupa kubwa maji ya chupa mbili za nusu lita, kisha zungushia solotepu nyeusi ya mafundi umeme pale maji yalipofika. Alama hiyo ndiyo kipimo chako safari nzima. Mtoto wa chini ya miaka 2 apewe robo hadi nusu kikombe kila anapoharisha, na mkubwa zaidi nusu hadi kikombe kizima. Akitapika, subiri dakika 10, halafu endelea kijiko kimoja kimoja. Kinachobaki baada ya saa 24 kimwagwe.

Ukikosa pakiti, tumia sukari vijiko vya chai 6 na chumvi nusu kijiko cha chai, vyote vikiwa vimesawazishwa juu kwa kisu, kwenye lita ileile moja. Ukipima kwa mkono hujui chumvi umeweka kiasi gani.

Ajali ya pili kwa wingi mjini ni eksozi ya bodaboda. Pikipiki nyingi zina eksozi upande wa kulia, na abiria anayeshukia upande huo hugusisha shavu la mguu kwenye chuma cha moto. Dawa yake ni maji ya kawaida ya baridi, yanayotiririka taratibu, kwa dakika 20. Dakika 2 hazitoshi, kwa sababu nyama ya chini inaendelea kubeba joto hata ngozi ya juu ikishapoa. Mawese, dawa ya meno, ute wa yai na majivu vyote vinazuia joto kutoka na kuleta uchafu, na muuguzi atalazimika kuvisugua mgonjwa akilia. Lengelenge lisitumbuliwe. Funika kwa shashi safi, bandika plasta pembeni tu bila kugusa palipoungua. Mama anayemwagikiwa uji jikoni na mvuvi aliyeshika karabai ya moto watafanya vivyo hivyo.

Kwa kidonda cha kawaida, kisu au jiwe, tunashauri kitu ambacho hakiuzwi popote: kizibo cha ziada cha chupa ya maji. Pasha sindano moto, toboa tundu moja katikati ya kizibo, kitie kwenye kopo. Siku ya haja kifunge kwenye chupa ya maji safi, minya chupa, na maji yatatoka kwa nguvu ya kutoa mchanga ndani ya kidonda. Nusu lita nzima itumike. Sabuni ioshe ngozi ya pembeni. Spiriti isimwagwe ndani, inaunguza nyama hai na kuchelewesha kupona. Damu ikiwa bado inatoka, kunja shashi, kandamiza kwa dakika 10 kamili kwa saa. Usifunue kuchungulia, kwa sababu kila ukifunua unaling'oa bonge la damu lililokuwa linaziba. Shashi ikilowa, ongeza nyingine juu yake. Glavu jozi 2 ziwemo kopo zima, na kama hakuna, mgonjwa mwenyewe akandamize kwa mkono wake.

Wavuvi na watoto wa mwaloni wana ndoana. Ncha ikiwa imeingia hadi kijino chake kimezama, usivute kurudi nyuma, kitachana nyama. Kama imeingia juujuu kwenye kidole au mkono, osha, isukume mbele kufuata mkunjo wake mpaka ncha na kijino vitokeze upande wa pili, kata kijino kwa plaizi, kisha rudisha kijiti nyuma kilikotoka. Plaizi ndogo yenye meno ya kukata ndiyo sababu kopo linakuwa zito kidogo, na haina mbadala. Ndoana iliyo karibu na jicho, shingoni au kwenye kiungo isiguswe, ikatwe uzi tu na mtu apelekwe hospitali. Aliyechomwa na mwiba wa samaki ngogo atapata nafuu akitumbukiza mkono kwenye maji ya moto kwa nusu saa au zaidi, yawe moto kiasi ambacho mkono usioumia umeshayapima na kuyavumilia. Wote hawa waulizwe kuhusu chanjo ya pepopunda.

Porini mambo yanabadilika. Kitambaa cha marekani cha mita 1 kwa mita 1, kikikatwa kona kwa kona, kinatoa pembetatu 2 za kuning'iniza mkono uliovunjika. Pini 4 za kubania ziende pamoja nacho. Kanga inafanya kazi hiyohiyo, na wanawake wengi tayari wanayo mabegani, kwa hiyo asiyetaka kubeba kitambaa asibebe. Kibano kiwe cha ncha nyembamba, na mwiba uvutwe kwa mwelekeo ulioingilia. Mwiba wa nyuki haungojei kibano: ukwangue mara moja kwa ukucha, kwani unaendelea kusukuma sumu kwa sekunde kadhaa baada ya nyuki kuondoka. Midomo ikivimba au pumzi ikibana, hiyo si kazi ya kopo tena, ni ya kukimbilia hospitali.

Kuhusu nyoka tunasisitiza kwa uchungu, kwa sababu mikono na miguu inapotea bure. Ukanda wa tyubu ya baiskeli ni mzuri kwa mambo mengi. Unafunga mzigo, na hata ukilowa unawaka na kuwasha kuni mbichi. Usiutumie kamwe kufunga mguu ulioumwa na nyoka. Usichanje, usinyonye, usiweke jiwe la nyoka. Vua pete, bangili na viatu kabla uvimbe haujaanza, nyoosha mguu ukiwa umefungwa kwenye kijiti kwa bandeji pana bila kukaza, mgonjwa asitembee, na safari ya hospitali ianze. Swira akitema jichoni, maji mengi kwa dakika 15 au zaidi, jicho likiwa limefunguliwa kwa vidole.

Mbung'o hawazuiliki kirahisi kwa mafuta ya mbu. Wanavutwa na rangi ya bluu iliyoiva na nyeusi, rangi zilezile zinazotumika kwenye mitego yao, kwa hiyo vaa kaki au kijivu, nguo nene ya mikono mirefu. Aliyepita mapori ya Kasulu, Kibondo au Uvinza akapata homa wiki chache baadaye, amwambie daktari kwamba aliumwa na mbung'o, ili vipimo vitafute malale pia na si malaria peke yake.

Vidonge ni parasetamoli ya miligramu 500, vidonge 10, viachwe ndani ya karatasi yake yenye tarehe. Mtu mzima hazidishi 8 kwa saa 24. Diklofenaki tunaomba iachwe nyumbani. Msafiri anayeharisha au aliyekauka maji mwilini akiimeza anaumiza figo. Kopo lisikae juu ya dashibodi, joto linaharibu dawa na kuyeyusha gundi ya plasta.

Vilivyobaki ni vidogo: sabuni kipande, sindano na uzi, filimbi, njiti za kiberiti na upande wake wa kuwashia ndani ya kichupa kikavu, karatasi yenye namba ya simu ya zahanati ya karibu. Tochi ya betri igeuzwe betri moja kichwa chini ili isijiwashe ndani ya begi. Mwendesha baiskeli aongeze viraka 3, msasa na solusheni. Solusheni ikipakwa, isubiriwe mpaka ipoteze mng'ao ndipo kiraka kibandikwe. Wengi hubandika ikiwa bado mbichi, na kiraka kinaachia kabla ya kilomita ya pili.

Kwa wenye boti tuna ombi la pekee. Hifadhi ya Gombe haina barabara, anayeumia kule au njiani anategemea kilicho ndani ya boti. Kopo lisiwekwe mbele chini ya magunia ya dagaa. Lifungwe kwa kamba fupi karibu na nahodha, kwa fundo ambalo mkono mmoja unaweza kulifungua. Likifungwa vizuri linaelea, kwa hiyo lipakwe rangi ya njano au nyekundu lionekane juu ya maji.

Wafundishaji wa huduma ya kwanza,
Ujiji, Kigoma