Makampuni ya simu yatuonyeshe hiyo amri

Bwana Mhariri,

Kila intaneti inapozimwa nchini Kongo, lawama zote tunaipa serikali, na makampuni ya simu yanapita pembeni kana kwamba hayahusiki. Waziri anaandika amri, ni kweli. Lakini anayekata ni kampuni, kwa mikono ya mafundi wake, na kampuni hiyo hiyo imekwisha kupokea pesa yetu.

Tumezoea vibaya. Desemba 2011, baada ya uchaguzi, ujumbe mfupi wa simu ulifungwa kwa majuma kadhaa. Januari 2015 wakati wa maandamano, intaneti ikazimwa. Desemba 2016 mitandao ya kijamii, Desemba 2017 tena siku ya maandamano ya Wakatoliki. Halafu ikaja ile ya tarehe 31 Desemba 2018, kesho yake ya kupiga kura, iliyodumu karibu siku 20. Mshauri wa Joseph Kabila, rais wa wakati huo, alieleza kwamba walitaka kuzuia matokeo ya uongo yasisambae.

Mimi ni muuza unga wa mahindi soko la komine (wilaya ya mji) ya Kenya, hapa Lubumbashi. Mzigo unatoka Zambia kupitia Kasumbalesa. Mwenye gari hunitumia picha ya karatasi za forodha kwa WhatsApp, namjibu nachukua mifuko mingapi, anapakia. Januari ile ya 2019 kupiga simu kuliwezekana, ila simu ya kwenda Zambia inameza unite (salio), na karatasi ya forodha haisomeki kwa mdomo. Magari yalikaa mpakani, na unga ukapanda bei kwa mama anayenunua kwa kipimo. Ndugu zetu wa Goma walisogea mpakani na laini za Rwanda wakashika rezo (mtandao) ya Gisenyi, ng'ambo ya pili. Sisi huku, mpaka uko karibu kilomita 90.

Forfe (kifurushi cha intaneti) ya mwezi niliyoinunua ikafa bila kutumika. Nilikwenda ofisini kwa kampuni yangu, kijana wa mapokezi akanijibu kwa adabu kwamba tarehe ikipita, mega (data zilizobaki) zimepotea. Nilipouliza nani aliamuru na kwa sheria gani, akasema ni amri ya serikali. Basi. Karatasi yenyewe sikuonyeshwa.

Mwezi huo huo wa Januari 2019, Zimbabwe nao walizimiwa. Kampuni ya Econet ilipata amri, ikaitii, lakini iliwaambia wateja wazi: tumeamriwa kuzima, amri imetoka kwa waziri fulani, kwa sheria fulani. Watu wakaichukua habari hiyo hadi mahakamani. Tarehe 21 Januari Mahakama Kuu ya Harare ikaamua kwamba waziri yule hakuwa na mamlaka ya kutoa amri ile, na intaneti ikarudi. Wanasheria walijua wamshitaki nani kwa sababu jina la aliyeamuru na sheria aliyoitumia vilikuwa mezani. Sisi tungempeleka nani mahakamani?

Najua jibu la makampuni: tukikataa tunanyang'anywa leseni, wakubwa wetu wanafungwa. Econet nao walisema mameneja wao wangetiwa jela. Nawaamini. Sheria yetu ya mwaka 2002 iliipa serikali uwezo wa kukataza matumizi ya mitambo ya mawasiliano kwa sababu za usalama, na aliyewekeza mamilioni kwenye minara hawezi kuihamisha usiku mmoja. Kwa hiyo sidai wakatae. Nadai wasinyamaze. Hata Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu, katika azimio lake la mwaka 2019, inazitaka serikali zisiwakatie watu intaneti. Azimio hilo litamsaidia nini raia asiyejua ni nani aliyemkatia?

Na jambo hili halijaisha na Kabila. Februari 2025, siku chache baada ya Goma kutekwa na waasi wa M23, X na TikTok zilikuwa hazifunguki nchini, watoto wakaanza kutufundisha VPN, njia ya kuzunguka kizuizi.

Uchaguzi mwingine tunautarajia mwaka 2028. Nayaomba makampuni yote yatangaze kuanzia sasa kwamba, amri ikija, wataichapisha: nani ameitia sahihi, kifungu gani, mpaka lini. ARPTC, wasimamizi wa serikali wa sekta ya simu, wawaruhusu kufanya hivyo bila vitisho. Na siku zitakazokatwa, ziongezwe kwenye forfe ya mteja.

Muuza unga,
Komine ya Kenya, Lubumbashi