Mheshimiwa Waziri wa Fedha, meli ya doria inakula hata ikilala

Kwa Waziri wa Fedha,
Hazina ya Taifa,
Nairobi.

MINT: MAFUTA NA MATENGENEZO YA VYOMBO VYA DORIA BAHARINI

Mheshimiwa,

Mimi ni fundi wa injini za meli, mstaafu. Chumvi niliyokula ni ya bahari hasa: miaka 30 na kidogo, nusu yake ndani ya vyumba vya injini, nusu nyingine gudini Mombasa, pale meli hutolewa majini itengenezwe, nikizifungua injini zilezile. Sikuandikii kuomba kazi wala kulilia pensheni, ingawa hiyo pensheni nayo ina barua yake inayoningoja.

Ningeweza kumwandikia mkubwa wa Walinzi wa Pwani, lakini yeye haya anayajua. Mwenye ufunguo wa sanduku ni wewe.

Tarehe 19 Novemba 2018, pale Liwatoni, Mombasa, Rais Uhuru Kenyatta alizindua kikosi cha Walinzi wa Pwani pamoja na meli yao, MV Doria, chombo cha zaidi ya mita 50 kilichoundwa Bangladesh na kufika kwetu mwaka 2017. Siku kama ile watu hutazama rangi na bendera. Sisi mafundi hutazama bomba la moshi. Moshi ukitoka mwepesi, unajiambia haya, tumepata kitu. Kisha unaanza kuhesabu miaka.

Hesabu yenyewe ndiyo hii. Meli iliyofungwa gatini haijapumzika. Jenereta inanguruma usiku kucha, kwa sababu bila umeme pampu za ngama, yale maji yanayojikusanya chini kabisa ya meli, hazivuti, na ngama haiachi kujaa. Chini ya maji kuna vipande vya zinki vilivyofungwa makusudi ili chumvi ivile vyenyewe, iache chuma na propela. Vikiisha visibadilishwe, inageukia meli. Kombe na mwani navyo vinaota, na kwa bahari yetu ya joto vinaota haraka. Meli yenye ndevu chini huchoma mafuta mengi na mwendo isipate.

Wazee wa majahazi hawakuhitaji kufundishwa haya. Chombo kilipandishwa ufukweni, kikakwanguliwa, kikatiwa kalafati mpya, zile pamba za kuziba nyufa za mbao, kikapakwa shahamu ya mnyama na chokaa chini, na sifa, yaani mafuta ya papa, kwenye mbao za juu. Sijapata kusikia tajiri wa jahazi akimwambia nahodha kwamba shahamu ya mwaka huu isubiri bajeti ya nyongeza. Meli za mizigo nazo zina sheria ya kimataifa: chini yake ikaguliwe mara 2 katika kila miaka 5, na kati ya ukaguzi mmoja na mwingine isipite miezi 36. Mwenye meli akipuuza, cheti hana na bima hana. Meli ya doria haina mwenye mizigo wa kuipigia kelele. Ikidorora, inadorora kimya kimya.

Sasa mafuta. Injini ya dizeli ya kilowati 1,000 ikisukumwa mpaka mwisho hunywa kiasi cha lita 250 kwa saa. Zikiwa mbili, ni lita 500. Usiku mmoja wa saa 10 ni lita 5,000. Ndiyo maana nahodha mwenye akili hakimbizi meli ovyo. Kwa vyombo vingi, ukitaka mwendo mara mbili inabidi nguvu ipande karibu mara nane, na nguvu ni mafuta. Doria nzuri huenda polepole, taa chache, sikio kwenye redio chaneli 16, ile ya wito wa dharura, zamu ya saa 4 kisha mapumziko ya saa 8. Asiyejua ataona watu wanazurura. (Na dizeli nayo haipendi kubembelezwa siku zote, mara mojamoja lazima uikimbize iteme masizi. Mkaguzi wa hesabu akiona matumizi yamepanda siku hiyo, asidhani mafuta yameuzwa.)

Bahari yetu ya kiuchumi, ile ambayo samaki na mali yake ni haki yetu, inafika maili 200 za baharini, yaani kilomita 370 hivi. Kwa mwendo wa noti 12, yaani maili 12 za baharini kwa saa, kufika huko ukingoni ni karibu saa 17. Kurudi ni saa 17 nyingine. Huko hakuna kituo cha petroli. Mafuta yawe ndani ya tangi kabla simu haijalia.

Nikupe kisa kimoja. Ni miaka mingi sasa, na boti ile ya serikali siitaji, wala ofisi yake. Ilikuwa Agosti, kusi, ule upepo wa kutoka kusini, imechacha. Saa 2 usiku ikaja habari kwamba mashua ya wavuvi wanne imezimika injini upande wa Gazi, kusini mwa Mombasa, na inachukuliwa na maji. Nikateremka chini. Kijiti cha kupimia mafuta kilitoka na unyevu usiofika upana wa kiganja. Nikafungua pampu ya maji ya bahari ya injini ya kulia, kwa kuwa jana yake ilikuwa imepandisha joto. Impela ndani, kile kigurudumu cha mpira chenye vijiti kama petali za ua, ilikuwa imebaki petali mbili. Nyingine zimekatika, zimeziba bomba la kupozea. Kifaa hicho bei yake haifiki ya mbuzi. Tulikuwa tumekiomba kwa barua tangu Mei.

Nahodha wangu alikaa kwenye ngazi, ramani magotini. Mkondo wa msimu ule unakwenda kaskazini. Hata ukiufanya noti 2 tu, saa 12 za kungoja ni maili 24. Alichora duara kwa penseli, kisha kila saa iliyopita akalifuta na kuchora kubwa zaidi. Kulipopambazuka duara lilikuwa limetoka nje ya karatasi. Wavuvi waliokotwa adhuhuri na wavuvi wenzao. Wote hai, alhamdulillahi, lakini mmoja alikuwa hatoi sauti kwa kiu.

Mwaka wa serikali unaanza Julai 1. Kila aliyewahi kulipwa na serikali anajua Julai na Agosti ni miezi ya ukame: bajeti imesomwa, pesa hazijateremka. Na Julai na Agosti ndiyo miezi kusi inavuma kwa nguvu, mashua zinapasuka, injini ndogo zinazimika. Yaani tangi linakauka wakati uleule bahari inapochafuka. Sidhani kama kuna aliyepanga hivyo. Kalenda moja ilitengenezwa Nairobi na nyingine ni ya upepo.

Ombi langu, basi, Mheshimiwa, si meli mpya. Ikija nitaipungia mkono kutoka Likoni kama wenzangu. Ninachoomba ni fungu la mafuta, vipuri na gudi litengwe peke yake, lisikatwe katikati ya mwaka kufunika pengo la kwingine, na matangi yajazwe Juni kabla mwaka haujafungwa. Na siku mtakapotia saini kununua chombo kingine, mkataba huohuo utaje tarehe ya kupanda gudini mara ya kwanza na nani atailipia.

Ukipata nafasi, teremka Mombasa siku isiyo na sherehe. Deki waachie wapiga picha. Shuka ngazi mpaka chini kwa fundi mkuu, muombe daftari la saa za injini, la mafuta, na faili la vipuri vilivyoombwa. Usome tarehe tu. Na uvae viatu ambavyo hutavihitaji tena.

Wako mtiifu,
Fundi mstaafu wa injini za meli,
Likoni, Mombasa.