Shukrani kwa kaka wa Arabuko-Sokoke

Kaka uliyenikuta kwenye njia ya udongo mwekundu ya msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, upande wa Gede, ukaegesha baiskeli na kukataa katakata kutaja jina: asante sana. Bundi mdogo wa Sokoke hafiki sentimita 20, na mchana hujibanza na mwenzake ndani ya kichaka ambacho hata mbuzi angekikwepa. Mimi niliona majani makavu, wewe uliona macho.

Kamera nayo ilishika kila kijiti kilichokuwa mbele, bundi ikamruka. Ukaniambia nizime fokasi ya otomatiki, nizungushe lenzi kwa mkono, niegemeze kamera kwenye shina, na flashi nisiiguse kabisa. Kwa kiza kile, kuacha kamera ipokee mwanga kwa 1/30 ya sekunde kulitosha, maana bundi aliyesinzia hatikisiki (wanaofukuzana na mbayuwayu hawaijui raha hii). Picha ilipotoka safi, ukasema twende zetu, tusiwasumbue. Hata hela ya soda ukaikataa!

Mmoja kahawia, mwenzake kijivu, vishungi vya masikio vinahesabika unyoya kwa unyoya. Anayemfahamu kaka huyu amwambie nakala yake nimeshaisafisha.