Risala ya Chama cha Wanafunzi wa Elektroniki na Mawasiliano kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Sayansi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Profesa wa uhandisi wa umeme na mtafiti wa antena na rada;
Mkuu wa Chuo, walimu wetu, wazazi na wageni waalikwa, wanafunzi wenzetu:

Shikamooni. Karibu sana, Profesa. Risala hii haitakuchosha kwa idadi ya wanachama wala orodha ya vikao. Tumeona tuzungumzie kazi yako, kwa kupitia profesa mwenzako ambaye kifaa chake, antena ya Yagi, ile ya televisheni yenye fito zilizopangwa sambamba, kimepanda juu ya mapaa ya Ilala, Likoni na Ng'ambo, na wenye nyumba wengi hawalijui jina lake.

Hidetsugu Yagi alizaliwa Osaka mwaka 1886, akahitimu uhandisi wa umeme Tokyo mwaka 1909. Mwaka 1913 alikwenda Dresden, Ujerumani, kusoma kwa profesa Barkhausen. Vita vya Kwanza vilipozuka hakuweza kuendelea Ujerumani, akahamia London kwa Fleming, yule wa valvu ya redio, kisha Harvard, Marekani, kwa profesa Pierce. Walimu watatu, nchi tatu, fani moja. Aliporudi Sendai, katika Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tohoku, alichagua mawimbi mafupi wakati ambao vituo vikubwa vya redio bado vilitegemea mawimbi marefu.

Lakini fito za antena hiyo alikata nani? Shintaro Uda, msaidizi wake. Ni Uda aliyepima, kwa mawimbi ya mita 4.4, kinachotokea ukisogeza ufito karibu na antena, ukiurefusha, ukiufupisha. Kati ya 1926 na 1929 alichapisha mfululizo wa makala 11, zote kwa Kijapani. Hataza, yaani hati ya haki ya uvumbuzi, ikatoka kwa jina la Yagi peke yake. Mwaka 1928 Yagi akachapisha kwa Kiingereza nchini Marekani, na ingawa ndani ya makala alimtaja Uda waziwazi, dunia ikashika jina moja. Leo vitabu vinaandika Yagi-Uda. Fundi wa mtaani anasema Yagi tu.

Kwao Japani jeshi halikuijali sana antena hiyo. Mwaka 1942, Singapore ilipoanguka, Wajapani waliteka karatasi za Waingereza kuhusu rada na wakakwama kwenye neno moja lililorudiwarudiwa: "Yagi". Hawakujua hata litamkwe vipi. Mfungwa wa Kiingereza ndiye aliyewaambia kwamba ni jina la profesa wa Kijapani. Miaka mitatu baadaye, rada ndogo zilizopima kimo cha bomu lililolipuliwa juu ya Hiroshima zilitumia antena hizohizo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mezani mbele yako kuna antena ya fito tatu kwa megahezi 500, masafa ya televisheni ya king'amuzi. Tuliona ni heshima kwako kueleza vipimo vyake badala ya kuipamba kwa riboni.

Mwendo wa wimbi ni mita milioni 300 kwa sekunde. Ukigawanya kwa masafa, mitikisiko milioni 500 kwa sekunde, unapata urefu wa wimbi wa sentimita 60. Fito ni za alumini, unene wa milimita 5. Ule wa nyuma, kiakisi, una sentimita 28.9. Wa mbele, kielekezi, una 26.5. Wa kati ndio unaounganishwa na kebo. Tulianza na sentimita 28 na unarekebishwa kwa kupima. Kati ya ufito na ufito ni sentimita 12, yaani sehemu moja ya tano ya wimbi. Mti unaoshikilia fito ni bomba la PVC, yaani plastiki. Ukitumia bomba la chuma au alumini na fito zikaligusa, kila ufito unajifanya mfupi kuliko ulivyo, na inabidi uurefushe kidogo. Hapo ndipo wengi wanaponakili vipimo sahihi na kupata antena mbovu.

Kosa kubwa zaidi ni la tepu ya kupimia. Kielekezi kikizidi ufito wa kati kwa urefu, hakielekezi tena, kinaakisi. Fundi anaielekeza antena kwenye mnara, nayo inasikiliza vizuri zaidi upande mwingine. Kosa la pili ni kuigeuza ubavu: kama kituo kinarusha kwa mlalo na fito zako zimesimama wima, unaweza kupoteza desibeli 20, na hizo ni sehemu 99 kati ya 100 za nguvu.

Ufito wa kati ukiwa peke yake hewani una ukinzani wa umeme wa takribani omu 73, nao unatakiwa ulingane na wa kebo. Ukiuwekea wenzake, unashuka, mara nyingi hadi chini ya 30, ilhali kebo ya televisheni ni ya omu 75. Ndiyo maana umekunjwa kama kitanzi chembamba: kuukunja kunapandisha omu mara nne, na hapo unaikaribia kebo. Palepale pa kuungia, kebo imezungushwa mara kadhaa kwenye pete ya feraiti, kitu cha sumaku kinachozuia mkondo, ili mkondo usitambae juu ya ganda la nje; bila pete, kebo yenyewe inageuka antena na kuokota makelele ya nyumba nzima.

Kwa pwani, adui ni chumvi. Shaba ikibanwa juu ya alumini bila kizuizi, hewa ya bahari inaila alumini, na unga mweupe ukiona umeshachelewa. Maji nayo huingia juu, kwenye maungio, yakashuka ndani ya kebo hadi sebuleni. Kisanduku cha maungio kizibwe, na kebo iachwe ining'inie kitanzi kabla ya kuingia ukutani ili tone lidondokee nje. Kebo isiwe ndefu bila sababu: mita 20 za RG-6, kebo ya kawaida ya televisheni, katika masafa haya zinakula karibu nusu ya kilichopokelewa.

Kuhusu rada tutasema machache, maana ni kwako. Ukitaka rada ione mara mbili ya umbali, nguvu ya kurusha ipande mara 16, kwa sababu wimbi linatawanyika likienda na mwangwi unatawanyika ukirudi. Lakini antena ikitumika kurusha na kupokea, inahesabiwa mara mbili: ikikusanya mara nne zaidi, unapata mara 16 zilezile bila kuongeza umeme. Ndiyo maana wenye rada wanahangaikia antena kwanza.

Huko Shigaraki, Chuo Kikuu cha Kyoto kina rada ya angahewa ya antena 475 za Yagi, fito tatu tatu zilizopishana msalaba, kwa megahezi 46.5. Nyingine iko Kototabang, Sumatra, karibu kabisa na ikweta: antena 560, tangu mwaka 2001. Hakuna kinachozunguka pale. Mwale unageuzwa kwa kuchelewesha wimbi la antena hii kidogo kuliko la ile. Kwa masafa hayo, katika kebo ya plastiki ngumu, sentimita 10 za ziada zinachelewesha wimbi kwa nyuzi 8 hadi 9 kati ya 360 za wimbi zima, kwa hiyo hata kukata kebo kunaingia kwenye hesabu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, maombi yetu ni matatu. Kwanza, kifaa kidogo cha kupima akisi ya antena, yaani nguvu ambayo antena inairudisha kwenye kebo, cha aina ya NanoVNA, kinachoenea kiganjani. Sasa tunategemea picha ya televisheni kama kipimo, na king'amuzi hakisemi kama tumekosea milimita mbili au kumi. Pili, wanafunzi wanne waruhusiwe kushinda maabara yako siku mnayopima, hata kama kazi yao itakuwa kushika nguzo. Tatu, na hili tunalisema kwa adabu: siku makala itakapotoka, mwanafunzi aliyekata fito na kuandika vipimo naye aandikwe jina juu, pamoja na wewe.

Baada ya risala utaombwa kuigeuza antena taratibu kuelekea dirishani. Runinga imewashwa, na mwenzetu ameshika kebo.

Tunaomba kuwasilisha.