Kwa Nini Hatukuletei Jiko la Mkaa Chumbani

Kila Juni, shule zikishafungwa na familia kutoka Dar zikaanza kupanda huku Isongole, wilayani Rungwe, kuliona Ziwa Ngozi, ombi la usiku wa kwanza huwa lile lile. Mama anatoka chumbani amejitanda kanga mbili, anakuja mapokezi ya nyumba yetu ya wageni: "Dada, naomba hata kajiko kadogo, watoto wanatetemeka." Namjibu, "Pole mama. Blanketi naleta sasa hivi, na maji ya moto yapo. Jiko ndiyo hapana." Wengine wanaondoka wamenuna, wanaona tunawabania mkaa. Mkaa upo, gunia zima liko stoo. Sababu ni nyingine, na ningependa mgeni aijue kabla hajafunga begi.

Baridi ya huku haina mzaha. Kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa takribani nyuzi 6, na uso wa Ziwa Ngozi peke yake uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kipupwe kinaongeza lake: usiku usio na mawingu, ardhi inapoteza joto lote la mchana. Kule kwenye nyanda za juu za Kitulo asubuhi unaweza kukuta nyasi zimekuwa nyeupe kwa umande ulioganda. Kwa hiyo mtoto aliyezoea kulala na feni akitetemeka hapa, si kwamba anadeka.

Tatizo la jiko ni kwamba linadanganya. Mkaa ukishakolea ukawa mwekundu, moshi unaisha, na mtu anasema sasa ni salama, liingizeni ndani. Wakati huo bado linatoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Ukiivuta inashika nafasi ya oksijeni kwenye damu, na mwili unaanza kuishiwa pumzi huku wewe unapumua kama kawaida. Ukiwa macho utasikia kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inakosa nguvu. Aliyelala hasikii chochote. Na chumba chenye baridi ndicho watu wanachokifunga zaidi, mpaka matundu ya hewa juu ya dirisha wanayaziba kwa nguo.

Mimi nilikuwa darasa la nne. Mvua ilinyesha kutwa, tukaingiza jiko chumbani mimi na mdogo wangu, tukafunga mlango, tukakandamiza khanga chini yake upepo usipite. Mama aliamka usiku kwenda kumwangalia ndama, akatuita, hatukuitika. Ninachokumbuka ni nyasi zenye maji mgongoni na sauti yake akimwita mdogo wangu kwa jina lake la nyumbani, mara nyingi sana. Mdogo wangu alitapika, ndipo akalia. Kesho yake kichwa kilinigonga hadi jioni. Tulipona. Jiko lilikuwa dogo, lile la kuchemshia chai.

Kwa hiyo hapa jiko halilali ndani na mtu, hata mgeni akiongeza hela, hata akiahidi kuacha dirisha wazi.

Tunachofanya ni hiki. Kila kitanda kina blanketi mbili, na moja kati ya hizo tunaitandika chini ya shuka, kwa sababu baridi nyingi inapandia kwenye godoro. Wageni wengi wanaitoa wajifunike, tafadhali iacheni. Saa tatu usiku tunapitisha mipira ya maji ya moto, imevishwa vitambaa vya sufu isiunguze, unaiweka miguuni dakika kumi kabla ya kulala. Maji ya kuoga tunachemsha kwa kuni nje, hivyo umeme ukikatika bado utaoga. Anayetaka kuota moto, sebuleni kuna meko yenye dohani, tunakoka kuanzia saa kumi na mbili jioni, na chai ya tangawizi na viazi vya kuchemsha vipo hapo hapo. Watoto wakishapata joto pale wabebeni moja kwa moja kitandani, wakiwa na soksi na kofia. Matundu ya hewa msiyazibe.

Kuhusu safari ya ziwani: njia inapita msituni, na kipande cha mwisho kuelekea ukingo wa kreta, yaani shimo la volkano lenye ziwa, ni mwinamo mkali wenye mizizi na utelezi. Vaa viatu vyenye meno, raba laini zitakuangusha. Nenda na mwongozaji. Ukifika juu ukakuta ukungu mtupu, usigeuke. Kaa, kula ndizi zako, subiri. Mara nyingi upepo unaufungua kama pazia, na maji ya kijani yanatokea chini kabisa, kimya, yamezungukwa na kuta za msitu. Nimeliona mara nyingi mno na bado huwa nanyamaza. Kuteremka hadi majini hatuwashauri wenye watoto.

Wiki ya Nane Nane vyumba hujaa mapema kwa sababu ya maonesho ya wakulima ya Uyole, Mbeya, kwa hiyo wahini. Na mkipiga simu tutajieni idadi ya watoto na umri wao, ili mipira ya maji ya moto iwatoshe wote.