Muvi ya Hurricane imemuacha John Artis nje

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Wiki iliyopita kwenye burudani mliwashauri wasomaji waitafute The Hurricane, muvi ya mwaka 1999 ambayo Denzel Washington amecheza kama Rubin "Hurricane" Carter, bondia wa Marekani aliyefungwa kwa mauaji ambayo hakuyafanya, mkaandika ni kisa cha kweli mwanzo mwisho. Muvi ni kali, hilo sibishi. Nimeiangalia tangu enzi za kanda pale kwenye kibanda cha video hapa Tanga na mpaka leo ile sehemu anakataa kuvaa sare ya jela, kwamba mimi sikuua mtu kwa hiyo nguo za wahalifu sivai, wanamtupa shimoni gizani na bado havai, machozi yananilengalenga.

Lakini mimi nafundisha vijana ngumi, na kila kijana akishaiona anakuja kuniambia Carter aliibiwa mkanda wa dunia. Hakuibiwa jamani. Pambano lile na bingwa Joey Giardello lilipigwa Philadelphia Desemba 1964, raundi 15, uzito wa kati, Carter alianza vizuri lakini Giardello akamzidi kadiri raundi zilivyosonga na majaji wote wakampa yeye. Kwenye muvi eti Giardello kachakazwa halafu kabebwa na majaji kwa sababu ni mzungu. Mzee wa watu akaenda mahakamani kuwashtaki waliotengeneza na wakamalizana. Sasa mtu aliyefungwa kwa ushahidi wa uongo unamtetea vipi kwa kumsingizia mtu mwingine? Carter hakuhitaji hilo, huyu ndiye alimlaza bingwa wa dunia Emile Griffith raundi ya kwanza mwaka 1963, sifa za ulingoni anazo za kutosha.

Na kesi yenyewe ilivyo inatosha kukutoa jasho. Usiku wa 17 Juni 1966, kama saa nane na nusu hivi, watu wenye silaha waliingia baa moja mjini Paterson, New Jersey, wakafyatua risasi na wazungu watatu wakapoteza maisha. Walioshtakiwa ni Carter na mwenzake, lakini majeruhi aliyepona hakuwatambua. Waliokuja kuwatambua ni wezi wawili waliokuwa mtaa ule kwa ajili ya kuvunja kiwanda, juri, yaani wale raia wanaoamua kesi, wote wazungu, ikawaamini, 1967 kifungo cha maisha. Mwaka 1974 wezi wale wakasema walidanganya, kesi ikarudiwa 1976, mmoja wao akageuka tena na watu wakarudishwa ndani! Ni mpaka Novemba 1985 jaji wa shirikisho, H. Lee Sarokin, alipoona kwamba waendesha mashtaka walitumia chuki ya rangi na kuficha ushahidi, ndipo Carter akatoka, ameshakaa ndani karibu miaka 19. Muvi imelitwisha jambo lote hilo polisi mmoja mbaya wa kutunga. Kesi ya kubambikiwa haipikwi na mtu mmoja, anayejua mambo ya vituoni na mahakamani atanielewa.

Ila kilichonifanya nishike kalamu ni yule niliyemwita mwenzake. Anaitwa John Artis. Usiku ule alikuwa na miaka 19 na ndiye alikuwa anaendesha gari la Carter. Kijana hana rekodi yoyote ya uhalifu, tena naye ni mwanamichezo, mkimbiaji mzuri wa shuleni aliyekuwa anategemea mbio zimpeleke chuo. Kwa hiyo wanamichezo waliofungwa bila hatia hapa ni wawili na muvi imetengeneza mmoja, Artis anapita pita tu nyuma kama msindikizaji. Huyu aliambiwa amtaje Carter apunguziwe mzigo, akakataa. Fikiria una miaka ishirini na kitu, maisha yote yako mbele, unachotakiwa ni kutia saini karatasi tu, na hutii. Alikaa ndani mpaka 1981 alipotoka kwa paroli, na ugonjwa wa mishipa ya damu ukampotezea vidole vya mikono na miguu. Mimi kila nikifika hapo nashindwa kuendelea kuongea mbele ya vijana.

Kisha Carter alipokuwa anaumwa kansa ya tezi dume kule Toronto, nani alikwenda kumuuguza? Artis huyo huyo. Alikuwa naye mpaka alipofariki Aprili 2014, karibu miaka 48 tangu walipopakiana kwenye gari lile. Artis mwenyewe amefariki 2021 na sikuona gazeti lolote la Kiswahili likiandika hata mistari miwili, na lenu pia.

Hivyo ombi langu, Mhariri, mkiirudia tena hiyo makala, picha ya Denzel ipo kila mahali, safari hii wekeni ya John Artis.

Mwalimu wa ngumi,
Tanga