Mnaopanda Lushoto sikukuu hii, msingoje tarehe 24

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzangu wa Tanga mjini, Pangani na Muheza ambao Desemba hii wanapanda kwenda kwa wazazi Lushoto, Bumbuli, Mlalo na Mtae. Kila mwaka safari hii hupangwa kwa kalenda ya kazi. Ofisi ikifungwa tarehe 23, kesho yake alfajiri stendi ya mabasi ya Kange hapatoshi. Vuli yetu huanza Oktoba na huweza kuendelea mpaka Desemba inaisha, kwa hiyo siku yenye abiria wengi kuliko zote inaangukia wakati ardhi ya milimani imeshashiba maji. Mwenye nafasi ya kuondoka kati ya tarehe 15 na 20, aondoke. Shule zimefungwa, mama na watoto watangulie, baba afuate kukiwa kukavu.

Msichague siku kwa kutazama mawingu ya Tanga. Pwani huweza kuwa jua kali huku Lushoto kunanyesha tangu usiku. Sikilizeni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, ambayo hutoa mwelekeo wa siku tano na kutaja ngazi tatu: angalizo kwa rangi ya njano, tahadhari kwa chungwa, tahadhari kubwa kwa nyekundu. Kwa barabara ya milimani kipimo changu ni hiki: njano, safiri mchana tu na umpigie aliyeko juu kabla hujaondoka, chungwa, ahirisha, nyekundu, usitoke hata kama tiketi umeshalipia.

Kutoka Segera kupitia Korogwe hadi Mombo barabara ni tambarare, na hapo ndipo watu wanapojisahau. Maji yanayokata barabara hapo hutoka Usambara, nayo huchukua muda kushuka. Mvua ya juu ikikoma saa sita, korongo la chini linaweza kujaa saa tisa na pale uliposimama hapajadondoka tone. Magogo na majani huziba kalavati, maji yanapanda juu ya lami, na chini yake udongo unaliwa. Ndiyo sababu kumfuata aliyevuka mbele yako si usalama: yeye ameikuta lami ina udongo chini yake, wewe unaweza kuikuta imebaki ganda. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 humwangusha mtu mzima, sentimita 30 huelesha gari dogo, sentimita 60 huchukua magari mengi, yakiwemo yale yaliyoinuka tunayoyaamini. Subiri yapungue mpaka uione lami. Saa tatu za kungoja si hasara.

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita zisizozidi 35, lakini unapanda karibu mita 1,000 kwa kona mfululizo, ukuta wa mlima upande mmoja na bonde la mto upande wa pili. Uwe umepita Soni, mji mdogo ulio njiani, kabla ya saa nane mchana, kwa kuwa mvua nyingi za vuli hushuka alasiri. Mlima hutoa dalili kabla ya kuporomoka: vijiwe vilivyodondoka barabarani muda si mrefu, mti ulioinama na mizizi nje, ufa kwenye udongo juu ya ukingo, maji ya mtaro yanayogeuka tope ghafla. Ukiona mojawapo, usisimame chini yake kupiga picha. Rudi nyuma hadi mahali pa wazi. Wala usidhani jua likiwaka hatari imekwisha. Udongo uliolowa hubaki mzito na huweza kushuka siku moja au mbili baadaye. Tukumbuke Katesh, chini ya Mlima Hanang, tarehe 3 Desemba 2023: tope, mawe na magogo vilishuka hadi mjini na kuua watu zaidi ya 80.

Kwa wenye magari yao, kagueni wiki moja kabla, si usiku wa kuamkia safari. Mafuta ya breki hunyonya unyevu hewani. Yakipita miaka miwili bila kubadilishwa, joto la kushuka mlima huyachemsha, pedali inazama na breki inapotea. Hata yakiwa mapya, gia uliyopandia ndiyo ushukie nayo. Gari la otomatiki liweke kwenye 2 au L, usiliachie kwenye D huku mguu umekaa kwenye breki kutoka Soni hadi Mombo. Tairi likibaki na kina cha chini ya milimita 3 halikamui maji vizuri, hata kama macho yanaliona zima. Waipa zinazoacha mistari kwenye kioo zibadilishwe. Ukungu ukishuka washa taa za chini, kwani taa kali hurudi machoni mwako.

Mizigo nayo. Mchele, sukari na nazi tunazowapelekea wazee vikae chini, ndani ya gari. Kilo 100 juu ya keria hulifanya gari liyumbe kila kona. Anayepanda basi aangalie tairi kabla ya kulipa, na akatae kusimama. Abiria waliosimama huhamia upande mmoja kwa pamoja gari linapokata kona.

Wenye presha na kisukari wabebe dawa za wiki moja zaidi ya siku walizopanga, kwenye mkoba wa mkononi. Insulini isiwekwe kwenye buti wala karibu na injini, joto huiharibu. Tengeni fedha ya kulala Mombo au Korogwe usiku mmoja au miwili. Asiyekuwa nayo ndiye hulazimika kupanda gizani. Sweta kwa watoto, simu yenye chaji, maji na chakula kisichohitaji moto. Namba 112 ni ya polisi, 114 ya zimamoto na uokoaji.

Wanaokwenda zaidi ya Lushoto mjini wawaulize wenyeji hali ya njia asubuhi ile ile, maana vipande vya barabara ya udongo hubadilika kwa mvua ya saa moja. Wa Muheza wanaopanda Amani vivyo hivyo. Bodaboda kwenye tope ibebe abiria mmoja, na mzigo uje kwa safari yake.

Kwako Mhariri, ninaomba kuanzia tarehe 15 Desemba gazeti lichapishe kila siku ngazi ya tahadhari ya Mkoa wa Tanga ukurasa wa mbele, pamoja na hali ya barabara ya Mombo–Lushoto. Na liendelee hadi wiki ya pili ya Januari, kwa sababu watoto wanaporudi shule magari hujaa tena, na safari hiyo ni ya kushuka.

Dereva mstaafu,
Chumbageni, Tanga